Siku Maboma Manne Yalipopewa Zamu Moja

Nianze na aibu yenyewe, maana mtaisikia tu kwa madereva, na madereva wa Karatu jambo likipita midomoni mwao halitoki kama lilivyoingia. Ni kweli, mimi ndiye yule binti aliyewaita watu wa maboma manne, na shanga zao, na mbuzi wao, waje kuwaimbia wazee wawili wa Kizungu ambao walikuwa wameomba jioni tulivu. Si kweli kwamba maboma yalikuwa tisa. Si kweli pia kwamba nilipanda juu ya mti. Nilijificha kwenye banda la jenereta, tena nilitoka mwenyewe bila kuvutwa na mtu, na hilo naomba mlikumbuke mkisimulia.

Kabla ya siku hiyo kulikuwa na swali lililoninyima usingizi, nalala nalo, naamka nalo: mwenzako akinyamaza, amekufa au amenyamaza tu? Ungeniuliza wakati ule ningekwambia ni swali la kitaalamu, la kompyuta, lakini ukweli ni kwamba ndivyo nilivyo tangu utotoni. Ukinipita sokoni bila kunisalimia, nakwenda nyumbani nikitafuta nilikukosea wapi. Mama yangu asipopokea simu kule Baray, najua kabisa kwamba yuko shambani kwenye vitunguu na simu ameiacha juu ya kabati (ndipo anapoiweka siku zote, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe), lakini kabla haijamaliza kuita mimi nimeshamzika na nimeshachagua nyimbo za mazishi.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mtambo wa kupitisha ujumbe.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar, masomo ya kompyuta, nikarudi Karatu, nikapata kazi kwa Mzee Temu. Mzee Temu ni Mchaga aliyekuja Karatu miaka ya tisini na Landrover moja bovu, na wakati huo ninaousimulia, simu za tochi zilipokuwa zimeanza kuingia mpaka mabomani, alikuwa na magari yake ya watalii, ofisi kwenye barabara kuu, na kambi ya mahema kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ni mtu wa maneno machache. Akikusikiliza anakutazama, anakunja midomo, ananyamaza, na wewe hujui kama amekubali au anatafuta namna nzuri ya kukufukuza. Aliniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu. Mtambo ukifanya kazi, nabaki. Usipofanya kazi, narudi Baray nikapalilie vitunguu na shahada yangu, na hapo mama alikuwa ameshatangaza kigango kizima kwamba binti yake Paskalina ni injinia.

Mtambo wenyewe ulihusu zamu. Kambi ilikuwa na mapatano na maboma manne ya wafugaji wa jirani: wageni wakifika, boma moja linakuja jioni, vijana wanaimba na kuruka, akina mama wanatandika shanga zao, wanakuja na mbuzi mmoja wa kuchomwa, na wageni wa safari inayofuata wanakuwa wa boma jingine. Ukisikia hivyo unaona ni jambo jepesi. Lakini nilivyohadithiwa, kabla ya mapatano hayo watu walikuwa wanagombania magari ya watalii barabarani mpaka ndugu wakawa hawasalimiani, na vilikaliwa vikao kwa vikao ndipo zamu ikapatikana. Kwa hiyo zamu ilikuwa kitu cha heshima. Ukiambiwa leo ni yako, ni yako.

Aliyekuwa anaitangaza ni Mama Eliza, mama wa redio kol pale ofisini, mwenye sauti nene ambayo nadhani hata mitambo ingezimwa ingefika yenyewe mpaka kijiji cha Soitsambu, mbali huko kaskazini. Kila boma lilikuwa na kiredio chake. Asubuhi Mama Eliza anataja boma la siku hiyo, boma linajibu, "Tumesikia," na wengine wote wanakuwa wamesikia pia, pamoja na madereva, pamoja na askari wa kambi, pamoja na yeyote mwenye redio. Shida ni kwamba zile redio zilikuwa zimezeeka, zinakoroma, betri hazikai, na Mama Eliza akiugua koo siku hiyo haina zamu. Mzee Temu akaniambia, "Binti, nitengenezee kitu kisichopoteza ujumbe. Umeme ukikatika, kisipoteze. Kompyuta ikifa, kisipoteze." Mama Eliza naye akaniambia, "Fanya haraka mwanangu, koo langu lipumzike."

Hapo ndipo nilipoingia kwenye mambo ya foleni za ujumbe. Nisiwachoshe. Foleni ya ujumbe ni kama karani wa posta mwenye roho ngumu: unampa ujumbe, anaupeleka, lakini nakala yake haitupi mpaka yule wa upande wa pili aseme amepokea. Na ili karani huyo akifa ujumbe usife naye, unaweka makarani kadhaa kwenye mashine tofauti, wote wana nakala ileile, wanaulizana kila wakati "upo?" "nipo", na mmoja tu ndiye anayeongoza. Akifa, mwingine anashika usukani. Nilijifunza peke yangu, kwa mwongozo wa Kiingereza niliouchapisha kwenye kibanda cha intaneti mpaka mwenye kibanda akaanza kunificha karatasi, na nitasema bila kujisifu kwamba niliuelewa. Hicho ndicho kinachoniuma. Kulikuwa na ukurasa, nikauwekea rangi ya njano, uliosema: usiweke mashine mbili, weka tatu. Zikiwa mbili na njia ikakatika kati yao, hakuna anayejua nani amekufa, kila moja inajiona ndiyo iliyobaki duniani. Zikiwa tatu, mbili zinazoonana zinaendelea na kazi, na ile iliyo peke yake inajua kwamba yenyewe ndiyo iliyopotea, inakaa kimya.

Sisi tulikuwa na mbili. Moja ofisini Karatu, moja kambini. Ya tatu ilibidi niombe.

Kuomba! Nilifungua simu nikaandika, "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, naomba kompyuta moja ya ziada." Nikafuta, maana "usumbufu" unamwonyesha kwamba namsumbua. Nikaandika tena bila usumbufu, nikaona nimekuwa mkavu kama mdai. Nikaandika na maelezo, yakawa marefu, nikawaza atasema huyu binti mbona hajui kufupisha. Nikawaza pia atasema, mbili zimemshinda nini mpaka anataka ya tatu. Ujumbe ule ulikaa kwenye simu yangu, sehemu ya meseji ambazo hazijatumwa, mpaka nikauzoea kama kalenda ya mwaka jana ukutani (mimi, niliyeajiriwa ili ujumbe usikwame). Mwishowe nikaamua kwamba mbili zinatosha. Uamuzi mdogo tu. Nikaziwekea masharti yangu mwenyewe: mwenzako akinyamaza, hesabu amekufa, shika kazi yote. Na kwa maboma: boma lisipojibu NDIYO, mpe zamu anayefuata. Na kwa sababu kimya kinanitesa, muda wa kusubiri nikauweka mfupi kabisa. Ile mitambo niliiumba kwa mfano wangu.

Na ikafanya kazi! Kila mashine niliifunga simu kwa waya, zamu ikawa inakwenda kwa meseji: LEO NI ZAMU YENU, JIBUNI NDIYO KWA NAMBA YA OFISI. Maboma yakajibu ndiyo, redio zao zikazimwa, Mama Eliza akaanza kufuma sweta. Jumamosi iliyofunga majaribio yangu Mzee Temu akasema anapanda kambini kuuona mtambo kwa macho yake, na amewaalika wenzake wenye kampuni za utalii waje kunywa chai na kuuona pia. Sikula tangu Ijumaa.

Juma lile lote juu kreta ilikuwa imefunga kwa ukungu. Watu wa huku mnaujua ukungu ule, unanyoosha mkono mbele yako huuoni. Mimi ukungu niliuona kwa macho ya mtu wa kawaida, kwamba nivae sweta, wala sikukumbuka kwamba ile antena iliyoko kilimani, inayoziunganisha mashine zangu mbili, inatumia sola. Asubuhi ile ofisini nilitazama mashine ya Karatu ikaniambia: zamu ya leo, boma la Saning'o, jibu, NDIYO. Nikashukuru Mungu nikaondoka. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa tahadhari, lakini maandishi ya tahadhari nilikuwa nimeyaweka madogo makusudi ili yasinishtue.

Elibariki ndiye aliyenipandisha alasiri, dereva wetu, kijana wa Arusha asiyefunga mdomo. Tukapita geti la hifadhi, tukapanda ule msitu, na kule juu kwenye barabara ya ukingoni tukakuta kundi la watu wanatembea wamejifunga shuka nyekundu, akina mama na shanga zao shingoni, kijana mmoja anamvuta mbuzi.

"Boma la Saning'o," nikasema kwa fahari. "Zamu yao."

"Injinia umetisha," akasema Elibariki. "Mashine imesema, watu hao hapo."

Mbele kidogo tukakuta kundi jingine. Shuka, shanga, mbuzi.

"Na hawa?"

"Labda wanakwenda mnadani," nikasema.

"Mnada wa Jumamosi? Wamepaka na rangi usoni?"

Kundi la tatu tulilikuta linakatisha barabara kutoka bondeni, linaimba kabisa, linajipasha moto. Elibariki akapunguza mwendo, akanitazama mimi, akawatazama wao, akanitazama mimi. "Injinia, leo kambini kuna harusi?" Nikamwambia endesha. Nilikuwa nimeanza kuhesabu mbuzi na sikutaka kuhesabu.

Kambini Mzee Temu alikuwa amevaa koti. Mtu ambaye nilizoea kumwona na fulana ya kampuni, leo koti, na wenzake wamekaa kwenye viti vya turubai na vikombe vya chai, na pembeni kabisa, karibu na moto, wale wageni wawili, mzee na mkewe, wamefunikwa blanketi moja magotini, mama wa watu ana fimbo ya kutembelea. Walikuwa wanatazama ukungu kwa utulivu mkubwa, kama watu walioulipia.

"Huyu ndiye binti yetu," akasema Mzee Temu, na hiyo "yetu" ikanichoma. "Zamani tulikuwa tunapiga kelele hewani kama wauza samaki. Sasa mashine zinaongea zenyewe, kimyakimya. Binti, waonyeshe."

Wakanizunguka. Nikafungua skrini ya mashine ya kambini, na mbele ya wanaume wale wote nikasoma, kimoyomoyo, yafuatayo: mwenzangu wa Karatu amekufa, nimeshika kazi. Boma la pili limepewa zamu, halijajibu. Boma la tatu limepewa zamu, halijajibu. Boma la nne limepewa zamu, halijajibu.

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama unavyoelewa glasi ikiwa imeshaponyoka. Antena ililala kwa kukosa jua, mashine mbili zikapotezana, kila moja ikajiona ndiyo pekee iliyo hai. Ya Karatu ilikuwa imeshampa zamu Saning'o na kupata jibu lake. Ya kambini ilikuwa na nakala ya zamu hiyo bila jibu, ikahesabu Saning'o haji, ikatoa zamu kwa boma la pili. Boma la pili likajibu ndiyo kwa uaminifu, kwa namba ya ofisi kama lilivyoelekezwa, yaani Karatu, ambako hakuna aliyekuwa amewauliza kitu. Mashine ya kambini ikaona kimya, ikasema hawa hawaji, ikatoa zamu kwa la tatu, kimya, ikatoa kwa la nne.

Sasa mtu mwenye akili angesema papo hapo. Mimi nikajifanya nahakikisha. Nikachukua redio kol ya kambi. "Mama Eliza, Mama Eliza, mashine ya ofisini imezimika?"

"Haijazimika," ikajibu sauti ile nene, kambi nzima ikasikia. "Inanguruma vizuri tu, nimeweka kikombe changu juu yake kinapata joto."

"Mbona huku inasema imekufa?"

Kukawa na mkoromo, halafu sauti ya dereva mmoja, sijui yuko wapi, pengine chini kabisa ya kreta: "Nani amekufa?" Halafu ya pili: "Kuna msiba?" Halafu ya Mama Eliza: "Ondokeni hewani nyie, hajafa mtu, ni kompyuta ya Paska!" Na kila redio iliyokuwa imewashwa siku ile katika eneo lote la hifadhi ikawa imejua.

Ndipo tukasikia kengele za mbuzi. Ukungu ukatoa boma la Saning'o, wanaimba. Wenye kampuni wakapiga makofi. Mzee Temu akatabasamu. Ukungu ukatoa boma la Mzee Parmet kutoka upande wa pili, wanaimba wimbo mwingine. Makofi yakapungua. Yalipotokea la tatu na la nne hakuna aliyekuwa anapiga makofi tena, isipokuwa yule mama wa Kizungu aliyedhani ndivyo inavyokuwa. Nyimbo nne zikagongana pale uwanjani zikafa moja baada ya nyingine, ukabaki mlio wa mbuzi wanaosalimiana.

"Parmet," akasema Saning'o, mtu mrefu, mwenye sauti ya pole inayotisha kuliko ukali. "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Leo ni zamu yangu."

"Zamu yako ni wageni wanaokuja."

Parmet akatoa simu chini ya shuka akainyanyua juu. "Soma." Saning'o naye akatoa yake. Na wale wawili wengine wakatoa zao. Simu nne za tochi hewani, kama watu wanaotafuta mtandao.

Mzee mmoja wa kampuni jirani akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nikamtazama Mzee Temu. Alikuwa ananitazama, amekunja midomo, amenyamaza. Na nyinyi mmeshajua nikiona kimya nafanyaje. Nikahesabu nimekufa. Nikarudi nyuma taratibu kama mtu anayekwenda kuchukua kitu, nikaingia kwenye banda la jenereta nikafunga mlango.

Mle ndani, katikati ya madumu ya dizeli, nikatoa simu nikaandika: "Mzee, nimeamua kuacha kazi. Asante kwa yote." Na ajabu yake ni hii: ile ya kuomba kompyuta ilinichukua majuma, hii ya kuacha kazi niliiandika mara moja, sikufuta hata nukta, nikatuma. Simu ikaniambia imekwenda. Nikakaa juu ya dumu nikisubiri huzuni.

Badala ya huzuni zikaja sauti za nje. Mwanzoni nilidhani wananiongelea mimi, kisha nikasikia kwamba hakuna aliyekuwa ananikumbuka. Walikuwa wanatuhumiana wao kwa wao.

"Ulikwenda ofisini kwa mlango wa nyuma," mmoja alikuwa anasema.

"Mimi? Wewe ndiye shemeji yako ni askari hapa!"

"Wakati wa redio tulikuwa tunasikia wote. Sasa kila mtu ananong'onezwa sikioni mwake."

Na Parmet: "Kama zamu ni hii, basi haipo. Kesho kila mtu ashuke barabarani na watu wake, mwenye mbio apate."

Pale ndipo nilipoacha kujionea huruma, angalau kwa dakika chache. Nilikuwa nimekaa nikidhani kilichoharibika ni kazi yangu, kumbe vile vikao kwa vikao vyote vilikuwa vinafumuka pale nje kama sweta la Mama Eliza, na kila mmoja wao alikuwa na hakika jirani yake ni mwizi, na mtu pekee aliyejua kwamba hakuna mwizi amekaa juu ya dumu la dizeli. Nikatoka. (Na alama ya dumu nyuma ya sketi, duara kamili, lakini hilo niliambiwa baadaye.)

"Shikamooni wazee," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, nikarudia. "Hakuna aliyeiba zamu. Ni mimi." Wakageuka wote, na mbuzi pia. Nikawaeleza kwa Kiswahili cha kawaida: mashine mbili zinazojuana, njia yao imekatwa na ukungu, kila moja ikadhani mwenzake amekufa, ikagawa zamu upya. Zamu halali ni ya Saning'o. Wengine walijibu vizuri kama walivyoagizwa, ila majibu yao yalikwenda kusikowahusu.

Saning'o akafikiri. "Hiyo mashine, nani aliiambia mwenzake amekufa?"

"Mimi nilisema ikiona kimya, ihesabu hivyo."

"Kimya cha muda gani?"

Nikamwambia. Kukawa na kimya kirefu kuliko hicho. Halafu mama mmoja wa boma la Parmet, aliyekuwa ameshachoka kusimama akakaa juu ya shuka yake, akasema kwa sauti: "Kwa hiyo kwenu mtu akiingia kwenye ukungu, hajatoka, mnagawa ng'ombe zake?"

Sijui nani alianza kucheka. Wakacheka vijana, wakacheka akina mama, Parmet alijizuia kisha akashindwa, na mtu akamtafsiria yule mama wa Kizungu, naye akacheka akampigapiga mumewe goti. Jambo hilo limenifuata mpaka leo. Nikichelewa kazini mtu atauliza kama ng'ombe zangu zimeshagawiwa. Lakini siku ile lile cheko ndilo lililokata hasira. Wazee wanne wakajitenga kidogo wakaongea kwa Kimasai, wakarudi, Saning'o akasema zamu ni yake, na hawa wengine ni wageni wake. "Mbuzi ya wageni hairudi nyumbani," akasema, "zichomwe zote." Kuhusu wageni hao wa Saning'o kutoimba, walikubaliana vizuri sana, na hakuna kijana hata mmoja aliyetii. Yule mzee wa Kizungu alilala usingizi katikati ya kelele ile yote, na mkewe akasema hajamwona amelala vizuri hivyo tangu waondoke kwao.

Mzee Temu akaja mahali niliposimama. Wenzake nyuma yake, na vikombe vyao.

"Sasa?" akasema. Hilo tu.

Nilikuwa na samahani ndefu mdomoni, tayari imepangwa, ina utangulizi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, naomba kompyuta ya tatu."

Yule aliyetokwa chai puani akatokwa tena. Mzee Temu akakunja midomo. Akanyamaza. Na ninawaambia, kile kimya kilikuwa kirefu, nilisikia mafuta ya mbuzi yanadondokea kwenye makaa, nikaanza kuona vitunguu vya Baray mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumalizia mwenyewe. Nikasubiri.

Simu yake ikalia mfukoni.

Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, na mtandao wa laini yake, ambao si wangu, ukamfikia. Akaitoa, akaisoma, akaisogeza mbali na macho akaisoma tena. Nikakumbuka. Ilikuwa ile ya kwangu, ya kuacha kazi. Ilikwama njiani ikimsubiri mzee apatikane, ikatunzwa bila kupotea, ikamfikia wakati mbaya kuliko wote. Mtambo wa kampuni ya simu, kwa kweli, ni mzuri kuliko wangu.

"Paskalina," akasema, "hapa umeniandikia unaacha kazi. Na hapa umesimama unaomba kompyuta. Nishike ipi?"

"Hiyo ya kwenye simu imechelewa njiani, mzee," nikasema. "Naomba uifute. Shika ya mdomoni."

"Na hiyo ya mdomoni ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Niliogopa utadhani siijui kazi."

Akatazama mbuzi wanne kwenye moto. "Na sasa nadhani nini?" Akabonyeza simu yake kwa kidole kimoja, polepole, kama anavyofanya kila kitu, akanigeuzia skrini nione kwamba meseji haipo tena. "Jumatatu," akasema, akaenda kula.

Sikujua Jumatatu ya nini. Nililala Jumapili nzima bila kulala. Jumatatu nikakuta kwenye meza yangu kompyuta kuukuu, imefungwa kamba ya katani, haina barua wala maelezo, na Mama Eliza ameshaiwekea kikombe. Majaribio yangu yaliongezwa, hilo nililisikia kwa mhasibu. Nikaibeba ile kompyuta mapajani mpaka kibanda cha kampuni pale karibu na geti, chenye waya wa kwenda Karatu na antena ya kuitazama kambi, Elibariki akiniuliza njia nzima kama hii ndiyo mrithi wa ng'ombe, nikaifunga, nikaisubiri iulizane na wenzake "upo?" "nipo". Kisha nikafuta lile sharti langu la zamani, kwenye mashine zote tatu, nikaandika jingine: usipowaona wenzako, jua wewe ndiye uliyepotea; nyamaza, usubiri. Halafu nikarudi ofisini, nikayaandikia maboma yawashe tena redio zao, nikamkabidhi Mama Eliza zamu ya siku hiyo aitangaze hewani, wote wasikie. Akanung'unika kuhusu koo lake. Maboma yote manne yakajibu, "Tumesikia."